Bodi ya Bei ya Mbuzi

Nina hadithi hapa. Mkisema "Ilete," naileta. Mkinyamaza, narudi nayo nyumbani nikawasimulie kuku, maana kuku wangu wana adabu.

Haya, nimesikia. Sogeeni basi, na mwenye simu aiweke mfukoni. Hadithi hii ina watu watatu na ufunguo mmoja, na nikifika mwisho sitawapa jibu. Jibu mtalitoa ninyi, kwa hiyo msikilize kama mahakimu.

Palikuwa na mwanamke Morogoro, jina lake Bi Tatu Mloka. Bi Tatu alikuwa na ukumbi wa gemu: chumba kirefu, kompyuta zimepangwa ukutani, vijana wanalipa, wanakaa, wanacheza mbio za magari na mpira mpaka mama zao waje kuwatoa kwa kandambili. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Alikuwa na vijana watatu waliokulia mle ukumbini, wakafagia, wakajifunza ufundi, wakawa watu wazima mle mle. Wote watatu walimwita Shangazi, na kila mmoja Mungu alikuwa amempa lake.

Wa kwanza ni Semeni. Semeni alipewa jicho. Mwekee rundo la vitu vinavyofanana, atakuchomolea kile kimoja kisichofanana na wenzake, na atakwambia kwa nini. Akienda sokoni kununua nyanya, wanawake wa mtaa wanasubiri achague yeye kwanza, kisha wanaparamia fungu lile lile.

Wa pili ni Kobelo. Kobelo alipewa subira, na niwaambie ukweli, subira yake inaudhi. Mkinywa naye chai, ninyi mnamaliza, mnaosha vikombe, yeye bado anapuliza. Lakini mweke mbele ya mashine iliyogoma. Anakaa nayo, anaisikiliza, anaibembeleza, wala hakasiriki, na mwisho mashine inaamka.

Wa tatu ni Mwanvua, binti wa mfua masufuria. Mwanvua alipewa mikono. Amekua kando ya tanuri la baba yake, anaujua moto ukiwa bado haujaonekana, na akishika kitu chembamba vidole vyake havitetemeki. Mdomo pia alipewa, tena mkubwa, ila huo hatuuhesabu.

Sasa, ng'ambo ya reli akaja mtu anaitwa Bwana Chilewa, akafungua ukumbi wake. Una kiyoyozi. Una viti vinavyozunguka. Vijana wakaanza kuvuka reli, kwanza wawili wawili, halafu kundi zima. Siku moja Chilewa mwenyewe akaja kwa Bi Tatu, akasimama mlangoni mbele ya wateja wachache waliobaki, akasema kwa sauti ya upole:

"Bi Tatu, mashine zako zimezeeka kuliko wewe. Niachie huu ukumbi, mama, ukapumzike."

Jamani, Bi Tatu hasira zake zilikuwa karibu. Alifungua fundo la khanga, akatoa ufunguo wa ukumbi, akaunyanyua juu kila mtu auone.

"Tuwekeane mashine!" akasema. "Ukinishinda, ufunguo huu wako. Nikikushinda, unafunga ule ukumbi wako wa ng'ambo ya reli. Na ninyi watoto wangu nisikilizeni. Mimi nimechoka kweli, hilo hakukosea. Atakayeifanya mashine yangu ishinde, ukumbi huu namkabidhi uwe wake."

Mashahidi walikuwepo, maneno yakawa yametoka, na maneno yakishatoka mbele za watu hayarudi mdomoni.

Kuwekeana mashine ilikuwa desturi ya kumbi za gemu za mji ule, na ilikuwa na sheria zake. Kila ukumbi unaunda kompyuta mpya. Zinawekwa uso kwa uso mbele ya watu, zinafunguliwa mbio zile zile za magari, mbio zinazojiendesha zenyewe ili pasiwe na wa kusingizia vidole vya mchezaji. Pembeni mwa kioo kuna namba inayoonyesha mashine inachora picha ngapi kila sekunde. Zinaanza baada ya swala ya alasiri, na adhana ya magharibi ikilia, yenye namba kubwa imeshinda. Ikizimika kabla, imeshindwa. Na zikishawashwa, hakuna kugusa.

Wazee wa kumbi nyingine, kwa kuwa walimjua Chilewa na mfuko wake, wakaongeza sharti: madabodi isizidi bei ya mbuzi mmoja mnadani.

Madabodi mnaijua? Ni ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta ambao vyote vinachomekwa juu yake: prosesa inayofikiri, memori inayokumbuka, kadi inayochora picha. Bodi ndiyo inayowagawia wote umeme, na ndiyo inayoruhusu au kukataza mashine kukimbia.

Memori za pande zote mbili zilifanana. Kadi za picha zilifanana. Prosesa ndiyo hazikufanana. Ya Chilewa ilikuwa kaka mkubwa, ya Bi Tatu ilikuwa mdogo mtu. Zikikimbia kwa kasi zilizotoka nazo kiwandani, Bi Tatu ameshindwa kabla watu hawajakaa vizuri. Njia ilikuwa moja tu: prosesa ndogo ipandishwe kasi, ikimbie kupita ilivyopangiwa. Na hilo bodi nyingi za bei ya mbuzi hazikubali. Zimefungwa tangu kiwandani. Chache sana zimeachwa wazi, na hizo hazina alama usoni.

Ndipo akatumwa Semeni.

Nyuma ya soko palikuwa na meza ya kompyuta za mtumba, na meza ile ilikuwa na sheria moja: mkono juu ya bidhaa. Ukishaweka kiganja juu ya kitu, ni chako mpaka ukiinue mwenyewe, hata aje waziri. Semeni alipofika akamkuta fundi wa Chilewa ameshatangulia. Kiganja chake kimelala juu ya bodi moja nyembamba, tupu, haina taa, haina mabati, rangi yake kama mchuzi uliochacha. Fundi anaitazama bila mapenzi, anaulizia bei kwa sababu tu ilikuwa rahisi.

Semeni akainama kama anayefunga kiatu. Akasoma maandishi madogo yaliyojificha kando ya kitako cha prosesa. Ile ndiyo ilikuwa bodi ya wazi, na mezani pale hapakuwa na nyingine. Fundi akitoa tu noti, ukumbi wa Shangazi umekwenda.

Angefanya nini? Kumwambia "niachie hiyo" ni kumwambia kwamba ina thamani. Semeni akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya bodi nyingine, nyekundu, pana, yenye mabati yaliyochongwa kama mbawa. Akaipapasa taratibu.

"Hii bei gani?"

"Hiyo, dada'angu, ni mbuzi mzima na mkia wake," akasema muuzaji.

"Nipunguzie, nimetoka mbali."

"Umetoka mtaa wa pili, nakufahamu."

Watu wakacheka. Semeni hakucheka. "Inawaka taa?"

"Taa? Ukiiwasha utadhani Idi imeingia!"

Fundi wa Chilewa akageuza shingo. Akaitazama ile nyekundu, akaitazama ya kwake, akamtazama Semeni ambaye mji mzima unajua hachagui kibaya.

"Dada, hiyo umeshaamua?"

"Kwani mkono wangu huuoni?"

"Nauona. Nauliza kama umeamua."

Semeni akaipapasa tena ile nyekundu. Kisha akauinua mkono, kurekebisha mtandio wake.

Fundi aliruka. Mikono miwili, yote juu ya ile nyekundu, na ile ya rangi ya mchuzi ikabaki peke yake juani. Kiganja cha Semeni kikatua juu yake kabla mtandio haujakaa sawa.

"Mkono umetoka huku, umekwenda kule," akasema muuzaji. "Mimi natangaza tu nilichokiona."

Uongo Semeni hakusema, hata neno moja. Kama kuna uongo, ulisemwa na mkono, na hilo mtalipima wenyewe. Alifika nyumbani, Bi Tatu akaishika ile bodi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Nimekutuma mbuzi, umeniletea ngozi?"

"Iko wazi, Shangazi. Ya Chilewa imefungwa. Yeye amenunua taa."

Zamu ikawa ya Kobelo.

Kobelo akaunganisha vitu vyote, akawasha, akafungua ukurasa wa mipangilio, na akaanza. Anapandisha kasi hatua moja. Anafungulia mbio. Anasubiri. Ikivumilia, anapandisha nyingine. Ikigandisha picha, anaongeza umeme kidogo, tone, halafu anasubiri tena. Hatari ilikuwa hapo. Umeme ukipungua, mashine inazirai. Umeme ukizidi, prosesa inaiva, na prosesa ya kubadilisha haikuwepo, wala pesa ya kununulia nyingine.

"Pandisha mara moja tujue moja!" Mwanvua anapiga kelele.

"Kobelo mwanangu, unapika makongoro?" Bi Tatu anauliza, anazunguka chumba.

"Makongoro hayataki haraka, Shangazi."

Taarifa zilishavuka reli kwamba mashine ya Chilewa inatoa tisini na moja na haishuki. Yao ilianza sabini na kitu. Kobelo akaitoa huko, hatua kwa hatua, akaivusha themanini, akaifikisha karibu na tisini, na hapo kioo kikawa cheusi. Akawasha. Cheusi. Akawasha tena. Feni inazunguka, kioo hakionyeshi kitu. Bi Tatu akakaa chini sakafuni. Semeni akaanza kulia.

Mtu mwingine pale angetikisa, angechomoa kila kitu. Kobelo alikunja mikono, akasikiliza feni. Kisha akasema, "Haijafa. Imebeba amri isiyoiweza na haijui kuitua." Akachomoa ile betri ndogo, ya duara kama ya saa, inayoifanya bodi ikumbuke mipangilio. Akangoja. Mnajua anavyongoja. Akairudisha, akawasha, na kioo kikawaka.

Akaanza upya kutoka chini, safari hii kwa umeme tofauti kidogo, na jua lilipoanza kuteremka namba ikasimama tisini na nane. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Bi Tatu akafunga khanga kiunoni akacheza.

Kabla hajamaliza kucheza, mashine ikazimika.

Wakaiwasha, ikakimbia vizuri, ikazimika tena. Kobelo akashusha kasi hatua moja, ikazimika. Akatazama joto kiooni, na kioo kilisema prosesa haina homa kabisa. Akashusha tena. Sasa akishusha zaidi anarudi chini ya Chilewa. Wote watatu wakawa wamekodolea macho ile namba ya joto, wanaisoma kwa sauti, wanaambiana, "Mbona imepoa? Mbona imepoa?" Ndivyo walivyo watu wa kompyuta: namba ikiwa nzuri hawaamini pua zao. Na shindano lilikuwa kesho. Bi Tatu akatoa ufunguo kwenye fundo la khanga, akauweka mezani, kana kwamba anazoea kuishi bila huo.

Hapo ndipo Mwanvua aliposema, "Ondokeni mbele ya hicho kioo."

Alinyoosha mkono ndani ya kompyuta, mgongo wa kiganja ukitangulia, kama anavyopima tanuri la baba yake. Akapita juu ya prosesa: sawa. Akapita pembeni yake, kwenye safu ya vidude vyeusi vidogo ambavyo kazi yake ni kuigawia prosesa umeme, akautoa mkono haraka.

"Hapa ndipo panapoungua. Hiyo namba yenu inapima bwana harusi, hawa ni wapishi, na jikoni hakuna dirisha."

Ilikuwa kweli. Bodi za bei kubwa zina mabati juu ya vidude hivyo ya kutolea joto nje. Hii ya ngozi ya mbuzi ilivikalisha uchi, na umeme wa Kobelo ulikuwa unavichoma.

"Shangazi, ule mfuniko wa sufuria la pilau uko wapi?"

"Unataka kupika saa hizi?"

"Nataka kuukata."

Bi Tatu alimtazama. Mfuniko ule ulikuwa alumini nzito ya zamani, na kila msiba na kila harusi ya mtaa ule ilikuwa imekula kutoka chini yake. "Kata," akasema. "Nikipoteza ukumbi, pilau nitampikia nani?"

Mwanvua akaukata kwa mkasi wa bati, akavikunja vipande kama meno ya kitana, akavisugua. Kwenye kadi za picha za zamani zilizokufa akabandua vile vitambaa laini vinavyopitisha joto bila kupitisha umeme. Kisha ikaja kazi yenyewe. Kila kipande kilipaswa kukaa juu ya kidude chake, kisisogee, kwa maana kikigusa miguu ya chuma ya jirani, bodi yote inakufa na hairudi kwa betri wala kwa dua. Semeni alifumba macho. Kobelo hakuweza kutazama, akatoka nje. Mwanvua akavipanga kimoja kimoja bila kuvuta pumzi, akavibana kwa uzi wa kushonea viatu, akaweka feni ya zamani ivipulize.

"Washa."

Ikawaka. Ikakimbia. Kobelo akarudi ndani, akaipandisha tena mpaka tisini na nane, na haikuzimika.

Kesho yake shindano likafanyika kwenye ukumbi wa harusi, chini ya bati, mwezi wa kwanza, joto la kumtoa nyoka shimoni. Watu walijaa mpaka madirishani. Mashine ya Chilewa ilipowashwa ilimeta nyekundu, watoto wakapiga makofi. Ya Bi Tatu ilikaa pale na mabati yake ya kukunjwa na uzi wa viatu, wengine wakacheka wazi wazi.

Namba zilipotokea wakaacha kucheka. Chilewa tisini na moja. Bi Tatu tisini na nane.

Lakini joto la bati halina upendeleo. Namba ya Bi Tatu ikaanza kuteremka. Tisini na saba. Tisini na tano. Ya Chilewa, isiyopandishwa kasi, imesimama palepale, haipandi wala haishuki, na mwenyewe amekaa kiti cha mbele amekunja nne. Kobelo alitamani kushusha umeme tone moja tu, akakumbuka hakuna kugusa, akaushika ukingo wa kiti mpaka vidole vikaingia ganzi. Tisini na nne.

Kisha watu wakasikia harufu. Kitu kinaungua. Ukumbi mzima ukageukia upande wa Bi Tatu. Mwanvua akasimama, pua juu. Picha kwenye kioo ikaganda, gari likasimama katikati ya kona, na Chilewa naye akasimama. Bi Tatu aliufungua mkono wake. Ufunguo ulikuwa umemchora kiganjani.

"Mbona inanukia karafuu?" mtu mmoja akauliza huko nyuma.

Mwanvua akaangua kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. "Ni mafuta ya pilau! Ni mfuniko, unatoa mafuta ya zamani tu!" Na gari kwenye kioo likajinasua kwenye kona, likaondoka. Tisini na tatu. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Muadhini akaanza, "Allahu Akbar," na mashine ya Bi Tatu ilikuwa juu ya ya Chilewa kwa namba moja.

Sitawaeleza vigelegele. Nawapeleka moja kwa moja ukumbini kwa Bi Tatu, baada ya swala, watu wamejaa, na yeye amesimama katikati na ufunguo mkononi.

"Nilisema atakayeifanya mashine ishinde. Nani?"

Semeni akasogea. "Shangazi, bodi ile ilikuwa chini ya kiganja cha adui. Ingekuwa ile nyekundu, Kobelo angepandisha nini? Mlango umefungwa. Mwanvua angepooza nini? Hakuna kilichopata moto. Hawa wote wamefanya kazi ndani ya nilichokileta."

Kobelo akangoja kwanza, kama kawaida yake. "Bodi kuwa wazi si kukimbia, Shangazi. Mliiona siku ya kwanza, ilikuwa sabini na kitu, na ilikuwa wazi vilevile. Tumeshinda kwa namba moja. Kila namba kutoka pale mpaka pale niliitoa mimi, na siku kioo kilipokufa ninyi mlikuwa mnalia."

Mwanvua naye hakungoja. "Dada amechagua, kaka amepandisha, na walipomaliza wote wawili mashine ilikuwa maiti na ufunguo uko mezani! Kazi yenu yote, bila mkono wangu, ingemkabidhi Chilewa huu ukumbi leo hii."

"Bila jicho langu huo mkono ungeshika nini?"

"Na bila mimi kuipandisha, ungepooza nini?" akadakia Kobelo.

Jirani mmoja mpenda amani akasema, "Bi Tatu, si uwape wote watatu, wagawane?"

Bi Tatu akatikisa kichwa. "Baba yangu alituachia mashine ya kusaga, watoto watatu, tukapendana kama hivi wanavyopendana. Mkanda ukikatika, huyu anasema atanunua yule, yule anasema atanunua huyu. Mashine ikaota kutu katikati yetu, na kaka yangu akafa hatusemezani. Ukumbi huu utakuwa na mwenye mmoja. Wengine watafanya kazi chini yake."

Aliposema "chini yake," watatu wale waliangaliana, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao hawakutabasamu.

Sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa ya Bwana Chilewa, ile ile ya upole.

"Mimi ni mtu wa ahadi. Ukumbi wa ng'ambo ya reli nimeufunga jioni hii. Lakini kuhusu mtaa wa Kihonda sikuahidi kitu, na kule nimeshapata chumba. Kikubwa." Akawatazama vijana mmoja baada ya mwingine. "Wawili watakaokosa ufunguo, gari langu liko nje. Kwangu hawatakuwa chini ya mtu. Nimejifunza leo kwamba taa hazishindi."

Akatoka. Wakasikia injini inawashwa, na wakasikia kwamba haiondoki.

Bi Tatu akabaki na ufunguo. Akimpa Semeni, ana jicho, lakini subira na mikono inaweza kupanda gari la Chilewa. Akimpa Kobelo, anaweza kukosa wa kumchagulia na wa kumwokoa. Akimpa Mwanvua, atapooza nini, na nani atakuwa amekipandisha? Asipompa yeyote, amevunja neno lake mbele ya mji. Na kuugawa, ameshawaeleza jinsi kaka yake alivyokufa na kinyongo. Alinyoosha mkono. Mikono mitatu ikanyooka kuupokea. Yote mitatu anaipenda.

Mimi nimefika mwisho wangu. Msiniambie "atajua mwenyewe," maana yeye ndiye amenituma niwaulize. Msiniambie "wapige kura," maana kura ingemwongezea uchungu yule atakayepoteza. Injini bado inanguruma pale nje.

Ingekuwa wewe ndiye Bi Tatu, ufunguo ungeuweka kwenye mkono wa nani, na wale wengine wawili ungewaambia neno gani ili wasitoke mlangoni?